Harufu ya Kati: Mwongozo kwa Anayetaka Kunukia Hadi Kibondo

Kwanza tuelewane kwenye maneno. Ukitaja "noti ya kati" kwenye gulio la Kasulu, mwenzako atapapasa mfuko akuulize unataka chenji ya elfu mbili au ya elfu tano. Ukitaja "mafuta muhimu", kama baadhi ya vitabu vinavyopenda kutafsiri, hapo kesi umeshashindwa kabla hujafika mahakamani: mkoa wa Kigoma una mafuta muhimu ya aina moja tu, nayo ni mawese, na anayebisha akapike mgebuka bila hayo tumwone. Kwa hiyo mimi nitasema mafuta ya harufu, yale yanayotolewa kwenye jani, ua, gome au ganda la tunda kwa mvuke au kwa kukamua, ambayo tone lake likidondoka kwenye karatasi hukauka lisiache doa la chipsi. Na nitasema harufu ya kati. Noti zako kaa nazo, utazihitaji.

Naandika nikiwa Mtabila. Watu wa makamo wakisikia jina hilo wanakumbuka kambi ya wakimbizi wa Burundi, iliyofunguliwa mwaka 1993 na kufungwa mwishoni mwa 2012. Vijana wakilisikia wanakumbuka JKT, kikosi cha 825, na mchakamchaka wa alfajiri. Sijakutana na mtu hata mmoja aliyelisikia akakumbuka manukato. Hilo ndilo pengo ninaloliziba, bila ruzuku, kwa jiko la mkaa, sufuria mbili, na bomba la sindano nililouziwa duka la dawa baada ya kusema kuwa kuku wangu wanaumwa.

Wanaojua kazi hii huyagawa marashi kwa ngazi tatu: harufu ya juu, ya kati na ya chini. Mambo ya kuzipanga harufu kama sauti si ya jana. Katikati ya karne ya 19 Septimus Piesse, mtengeneza manukato wa London, alichapisha kitabu chake The Art of Perfumery, na humo akazipanga harufu kwenye mistari ya muziki kama mwalimu wa kwaya anavyopanga soprano na besi. Karibu miaka 100 baadaye, mwaka 1955, Mwingereza mwingine, W. A. Poucher, ambaye siku za kazi alichanganya manukato na siku za mapumziko akapanda milima kuipiga picha, alizipa alama kuanzia 1 hadi 100 kwa kadiri zinavyochelewa kupotea. Zenye alama chache ni za juu, zinazokaribia 100 ni za chini, na katikati ndiko liliko soko letu.

Sisi alama hatuzihitaji. Tuna salamu.

Salamu za Kiha haziishi kwenye habari za asubuhi. Unapiga makofi taratibu, unainama, unaulizwa nyumbani, unauliza watoto, unaulizwa mgonjwa wa juzi, unauliza mvua, unaulizwa ng'ombe. Sasa mchukue mtu aliyejipaka ndimu mlangoni kwake. Anapofika kwenye "na watoto je?", ndimu bado inacheka. Akifika kwa mgonjwa, imeanza kuaga. Kwenye ng'ombe haipo, amebaki yeye na sabuni ya mche. Ndimu, chungwa na mkaratusi ndivyo vilivyo: vinakuja mbio, vinaondoka mbio, robo saa au zaidi kidogo. Udi, sandali na ubani ni kinyume chake. Hao hukaa kwenye ukosi wa shati hadi kesho kutwa, lakini wanachelewa kufunua kinywa, na wakifunua mara nyingi wageni wameshaondoka.

Anayebaki katikati, kuanzia mwisho wa salamu hadi saa tatu au nne baadaye, ndiye harufu ya kati. Kwa vipimo vya huku: ndimu yako inakufa kabla Hiace haijajaza abiria stendi ya Kasulu. Harufu ya kati inaamka mkifika Makere, inavuka nawe daraja la Malagarasi, na ndiyo inayokutambulisha kwa mama aliyekaa kiti cha pembeni akiwa amempakata mtoto na jogoo. Yule mama hakuomba kukaa nawe. Hawezi kufungua dirisha kwa sababu ya vumbi. Wewe ndiwe hali ya hewa yake hadi Kibondo.

Bado unataka kuchagua kwa kufuata pua yako mwenyewe? Sawa, tuendelee.

Njia inayopendwa na wengi ya kuchagua harufu ya kati ni kutoichagua. Inafanywa hivi. Unaenda gulioni siku yenye watu wengi, unasimama kati ya muuza dagaa na muuza mitumba, unanyoosha mkono. Mwenye chupa anakupulizia kwenye kifundo, unanusa palepale, unafumba macho, unatoa pesa. Yote hayo yamechukua muda mfupi kuliko kumenya ndizi. Ulichonusa ni harufu ya juu peke yake, yaani umemwoa binti kwa kusikia hodi yake. Ukifika nyumbani, harufu ya kati imejitokeza, na mumeo anauliza kama kuna mtu amemwaga dawa ya mende. Usirudi gulioni kulalamika. Mwenye chupa yuko kwenye gulio la kijiji kingine, ananyoosha kifundo cha mwingine.

Ukitaka njia ya wabishi, chukua daftari la hesabu la mtoto, lile la vyumba vyumba, kata vipande vyembamba upana wa kidole. Kila mafuta kipande chake, tone moja nchani, na jina kwa penseli upande wa pili. Wino wa kalamu una harufu yake na utakudanganya. Vibane kwa vibanio vya nguo kwenye kamba mbele ya dirisha, visigusane. Kisha nenda kafanye kazi zako, uwe unarudi kunusa. Andika saa na ulichosikia, bila maneno ya matangazo. Vyangu vya mwezi wa nane bado ninavyo. Cha mchaichai kinasomeka hivi: "Saa 2 asubuhi: unapiga kelele. Saa 2 na nusu: bado. Saa 3: umetulia, kama chai iliyosahauliwa mezani. Saa 5: majani makavu. Saa 7: karatasi." Cha karafuu kinasomeka hivi: "Saa 2: meno. Saa 3: meno. Saa 5: pilau. Saa 11 jioni: pilau ya jana."

Hizo saa niliziandikia huku kwenye miinuko, ambako asubuhi ya kiangazi unatoka na sweta. Shangazi yangu anakaa Ujiji, chini kando ya ziwa, na joto la kule linafukuza harufu kwa fimbo. Mseto uliokaa nami hadi adhuhuri, yeye anasema kwake unakwisha kabla ya chai ya saa nne. Kwa hiyo msomaji wa Ujiji apunguze matumaini kidogo, na msomaji wa Heru Juu apunguze matone.

Sasa wagombea.

Karafuu ndiyo ya kwanza kuja akilini, kwa sababu ndiyo ya kwanza kusikika kila mahali ilipo. Mafuta yake kwa sehemu kubwa ni kitu kimoja kinachoitwa yujenoli, ambacho ndicho kinachotuliza jino. Huko Pemba, Wawi karibu na Chake Chake, kuna kiwanda cha Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar ambacho hakisubiri hata karafuu zenyewe; huchukua makonyo, vile vikonyo vinavyobaki karafuu zikishachambuliwa, na kuyatoa mafuta kwa mvuke. Ni harufu ya kati imara, inashikana mkono na udi kama mashemeji. Ubaya wake ni kumbukumbu za watu. Mara ya kwanza kwenda kanisani nimejipaka mseto wangu wa karafuu, mama mkwe alisogea karibu, akanitazama kwa huruma, akaninong'oneza: "Mwanangu, pole. Ni gego?" Nikamwambia ni marashi, mama. Akasema, "Haya. Likizidi twende likang'olewe."

Na usiimwage ngozini. Karafuu inaunguza. Kiasi kinachoshauriwa ni nusu ya asilimia moja ya mchanganyiko mzima, yaani tone 1 katika matone 200. Mafuta ya gome la mdalasini ni makali kuliko hata hayo. Nilijaribu nyuma ya sikio, na kwa siku mbili nikawa najibu maswali kuhusu nyigu.

Iliki ni nzuri mno, tatizo lake ni kuwa watu watakufuata wakidhani umeficha maandazi. Tangawizi ya Buhigwe iko jirani, inachangamka, inapatana na ndimu; mafuta yake hayana ule ukali wa ulimini, maana kinachowasha kwenye tangawizi hakipandi na mvuke. Kivumbasi kimejaa kando ya njia bure kabisa, na kama lengo lako la kunukia ni kufukuza mbu na wachumba kwa pamoja, usitafute kingine.

Waridi tuliache. Kilo 1 ya mafuta yake inahitaji maua ya uzito wa tani 3 au 4, na mimi nina shina moja, ambalo mbuzi wa jirani amelila mara mbili.

Jeraniamu ndiyo waridi la maskini, na inatoka jirani: Rwanda, kampuni ya Ikirezi imekuwa ikiilima na wakulima wadogo tangu miaka ya 2000, mafuta yanasafirishwa kwenda nchi za nje. Yaani harufu inakatiza anga juu ya vichwa vyetu kwenda Ulaya, kisha inarudi kwenye kichupa cha mililita 10 chenye bei inayokufanya uchutame. Ila ukiipata, ishike. Jeraniamu hukaa vizuri na kila mtu: ukiiweka na ndimu inaonekana changa, ukiiweka na sandali inaonekana mtu mzima.

Kuna asumini. Hapa naomba tusimame, kwa sababu nimeona watu wenye akili timamu wakiitia sufuriani. Asumini haipikwi. Mvuke unaiharibu, unapata maji yenye harufu ya maua yaliyokaa makaburini wiki. Wanawake wa Pwani walijua hili zamani. Wao huyatia maua mapya kwenye mafuta ya nazi, kesho huyatoa na kuweka mengine, hadi mafuta yenyewe yanakubali. Ufaransa, huko Grasse, walifanya vivyo hivyo kwa mafuta ya nguruwe na ya ng'ombe yaliyopakwa kwenye vioo, wakapewa sifa ya ustadi. Na kabla hujanunua kitabu chochote cha kupanga harufu ya kati, mtazame bibi wa Kipwani anavyosuka kikuba: asumini, mrehani, langilangi, kilua akipatikana, mkadi. Hana ndimu humo, hana udi humo. Udi ameshaufukizia kwenye nguo kwa chetezo. Kikuba chote ni harufu ya kati, imefungwa uzi na kuwekwa kifuani. Shangazi wa Ujiji anasema anayeuliza harufu ya kati ikae wapi hajawahi kuolewa.

Langilangi yenyewe, ambayo Komoro inaipika kwa wingi kuliko karibu nchi yoyote, inatoka kwenye chombo kwa awamu. Mafuta ya saa za mwanzo ni ya daraja la juu na ya bei ya juu, na wapishi huendelea hadi karibu saa 20 wakikinga madaraja ya chini. Ukiuziwa langilangi rahisi, umeuziwa ya usiku wa manane. Inafaa. Ila tone moja likizidi, linahutubia.

Ndipo nilipofika kwenye mchaichai, ambao niliuchagulia mseto wangu kwa sababu ya kisayansi: umejaa nyuma ya choo. Wapo wanaoupanga kwenye harufu za juu. Waje wasome karatasi yangu ya saa 3.

Namna ya kuutoa mafuta ni hii. Katakata majani, yajaze kwenye sufuria kubwa juu ya maji kidogo. Katikati weka kigae au jiwe safi, juu yake bakuli. Funika kwa mfuniko uliogeuzwa juu chini, kishikio kikielekea bakuli, kisha juu ya mfuniko mwaga maji baridi na uyabadilishe kila yakipata moto. Mvuke unapanda, unakutana na baridi, unarudi kuwa maji, unateremkia kwenye kishikio na kudondokea bakulini. Juu ya maji hayo huelea utando mwembamba wa rangi ya majani makavu. Huo ndio mafuta, unauvuta kwa bomba la sindano. Kilo 1 ya majani ikikupa mililita 3 umepata. Maji yanayobaki usimwage, yananyunyizwa kwenye mashuka.

Kila mtu wa huku aliyesoma aya hiyo ameshaelewa tatizo. Ni mtambo wa gongo.

Siku ya pili ya utafiti wangu alikuja balozi wa nyumba kumi, ameongozana na kijana mmoja wa ulinzi shirikishi mwenye rungu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Tumeambiwa hapa kunapikwa."

"Napika mchaichai, mzee."

"Wa kunywa?"

"Wa kunusa."

Balozi alimtazama kijana, kijana akatazama sufuria. Nikachota maji ya bakulini kwa kijiko, nikampa kwa mikono miwili. Aliyazungusha mdomoni kwa utulivu wa mtu mwenye uzoefu, akameza, akasubiri. Tulisubiri wote. Mwishowe akasema, kwa sauti ambayo hadi leo siwezi kuapa kuwa ilikuwa ya nafuu: "Hii hailevyi."

"Hailevyi, mzee."

"Sasa yote hii ya nini?" Akaondoka. Kijana alibaki nyuma kidogo, akaniomba nimpulizie kwenye kofia.

Baada ya kupata mafuta, kuchanganya. Watu wanapenda hesabu ya 3, 5 na 2: katika kila matone 10 ya mseto, 3 ya juu, 5 ya kati, 2 ya chini. Nusu nzima ni ya kati, na ndiyo nusu ambayo hakuna anayeifikiria. Fikiria posa. Juu ni familia ya binti, wachangamfu, wanapita. Chini ni familia ya bwana, wazee wasioongea kabla ya kula. Harufu ya kati ni mshenga. Kazi yake ni kuwa na jamaa pande zote mbili, hivyo usiweke ya aina moja. Weka moja inayojuana na ndimu, kama tangawizi au mchaichai, na nyingine inayojuana na udi, kama karafuu kidogo au jeraniamu. Na mshenga akishazidi bwana harusi kwa maneno, kama langilangi ilivyozoea, watu wataondoka na jina lake.

Hayo matone 10 yanatosha chupa ya mililita 20 ya mafuta ya kubebea, yaani ya kawaida ya kuzimulia yale ya harufu, ukitaka kujipaka bila kulia. Karafuu isizidi 2 humo. Kama umetia ndimu iliyokamuliwa kwenye ganda, usipake sehemu inayopigwa na jua la shamba; ngozi huungua na kuacha baka, na utalima ukiwa na ramani ya Tanzania shingoni.

Mafuta ya kubebea ni suala la kitaifa. Mawese nimejaribu, nisamehewe. Yana rangi ya jua linalozama na yana maoni yake. Ukosi wa blauzi haujarudi tena, na harufu ya kati ikawa maharage. Mafuta ya mise, yale ya kokwa za mchikichi, yanapauka kidogo lakini yanakumbusha kiwanda cha sabuni. Alizeti yaliyochujwa vizuri yanakubalika, nazi ni mazuri zaidi ingawa kwa baridi ya mwezi wa saba yanaganda na inabidi uyakalie. Gongo usithubutu, kwa sababu za afya na za balozi. Na usitumie chupa ya dawa ya kikohozi hata ukiiosha mara saba: ile haioshiki, ndiyo itakayokuwa harufu yako ya juu, ya kati na ya chini.

Funga, weka gizani wiki mbili. Mseto mpya ni kikao cha wanandugu siku ya kwanza, kila mmoja anaongea. Ukifungua mapema utadhani umekosea, utaongeza kitu, na ndivyo watu wanavyofikia kutengeneza kitu chenye mafuta 14 kinachonuka kama basi.

Mimi niliutengeneza wangu: ndimu juu, mchaichai kwa wingi na jeraniamu ya kukopa katikati, sandali kidogo chini. Niliuza chupa mbili kwa mwezi, moja kwa yule kijana wa rungu. Nikaamua soko liko Kibondo. Nilijipaka vizuri, nikapanda gari asubuhi, na nakiri kwamba hadi Malagarasi mama wa pembeni alikuwa amelala kwa amani, jogoo pia. Nilishuka kwa shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, mrina asali, ambaye mizinga yake iko kwenye miyombo nje kidogo ya mji. Nikamfuata hukohuko porini.

"Shemeji," aliniita kutoka mbali, bila kunisalimia, na mwanaume wa Kiha asipokusalimia ujue kuna moto au kuna joka. "Simama hapo hapo. Usipunge mkono."

Nyuki walikuwa wananizunguka. Hawakuuma. Walikuja kwenye kilemba, wakatua begani, wakatembea ukosini kama wanunuzi wa mitumba, wakipima kitambaa. Wengine wakaja. Shemeji akasogea taratibu na moshi wake, akanusa hewa.

"Umejipaka mchaichai."

"Na jeraniamu," nikasema, kwa sababu hata pale nilitaka kazi yangu itambuliwe.

Alicheka hadi kinyago kikamteremka. Nyuki wafanyakazi, alinieleza baadaye tukiwa mbali na mizinga, wana tezi karibu na mkia wanayoifungua kuwaita wenzao: njooni, nyumba ni hapa. Hewa inayotoka humo ina sitrali na jeranioli. Sitrali ndiyo iliyojaa kwenye mchaichai, jeranioli ndiyo iliyojaa kwenye jeraniamu. Nilikuwa nimechagua, kwa wiki tatu za karatasi na penseli, harufu ya kati inayosema kwa lugha ya nyuki, nyumba ni hapa. "Shukuru hukula ndizi njiani," aliongeza. Harufu ya nyuki anayetangaza vita inafanana na ya ndizi mbivu, na ndiyo maana warina asali hushauriwa wasile ndizi karibu na mizinga. Ndizi nilikuwa nayo mkobani. Sikusema.

Aliomba chupa, akaipeleka puani. Yeye kila akitundika mzinga mpya husugua majani ya mchaichai ndani ili kundi lishawishike kuhamia, ila majani yanakauka upesi.

"Hii inakaa muda gani?"

"Saa tatu. Nne kukiwa na baridi."

"Haifai. Mzinga unasubiri kundi wiki nzima, pengine mwezi." Akaingia ndani, akatoka na donge la nta, akaliyeyusha kwenye mfuniko wa kopo juu ya makaa, akaliondoa motoni, akangoja lianze kupata ukungu pembeni, ndipo akanidondoshea matone sita na kukoroga kwa kijiti. Ilipoganda alinipakia kidogo nyuma ya kiganja. Kesho yake, nikiwa nimeoga mara mbili, mchaichai ulikuwa bado upo, chini chini, hauna haraka. Vitabu vyangu vyote vilikuwa vimenieleza habari za sandali, ambayo tangu 2013 miti yake ya Afrika Mashariki inasafirishwa nje kwa vibali vya mkataba wa CITES tu kwa jinsi ilivyovunwa ovyo, na hapa mwanaume mwenye moshi machoni alikuwa ameishikilia harufu ya kati kwa kitu anachozibia nyufa za ndoo.

Alichukua chupa zote sita nilizobeba, kwa bei ya jumla, za mizinga kumi na miwili. Nikamwonyesha na ile ya karafuu, nikamwambia hiyo hudumu hadi jioni. Aliinusa, akanirudishia. Akasema nyuki wake hawaumwi meno.